Siku moja maishani mwangu: nawaongoza watalii Kilwa Kisiwani

Saa 11 alfajiri
Naswali, kisha kabla ya chai nashuka pwani kutazama maji. Kazi yangu inapangwa na bahari kuliko simu. Siku za bamvua maji yakipwa asubuhi, mashua haifiki karibu, na mgeni aliyekuja na viatu vyeupe inabidi avivue akanyage matope ya mikoko. Leo maji ni mafu, hayapwi sana. Afadhali.

Mama mkubwa ameshabandika muhogo. Ananiuliza wageni wangapi, maana pweza anataka kupigwa mapema. Namwambia watano: mtu na mkewe kutoka Ujerumani, na wanafunzi watatu wa chuo kutoka Dar. "Wa Dar wanalipa?" Wanalipa, mama, kiasi cha wenyeji. Anaguna.

Saa 2 asubuhi
Navuka kwenda Kilwa Masoko na nahodha, tanga limejaa upepo. Kibali kinakatwa ofisini bara kabla ya mtu kukanyaga kisiwa, na hapo ndipo muda unapotelea: mtandao chini, namba ya malipo haitoki, wageni wanakaa kwenye benchi wakinitazama mimi kana kwamba mtandao ni wa baba yangu.

Saa 4
Tunashukia karibu na Gereza, ile ngome kuukuu ya ufukweni. Ndilo jengo la kwanza kuonekana kutoka majini, hivyo kila mtu anatoa simu. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505 baada ya kuuvamia mji, lakini hili tunaloliona sehemu kubwa ni kazi ya wakati wa Waomani, karne ya 19. Napita haraka. Sipendi mtu aanze kutujua kwa jengo la waliotupiga.

Msikiti Mkuu ndipo ninapotulia. Sehemu ya zamani ni ya karne ya 11 au 12, na ule upanuzi wenye nguzo na kuba ukaja karne ya 14. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vya humu humu pwani. Nawaacha wazunguke kimya kidogo, halafu swali linakuja. Huwa linakuja. Leo limetoka kwa kijana wa Dar: "Dada, kwa hiyo Waarabu ndio walijenga?"

Simlaumu, shuleni tulifundishwa karibu hivyo hivyo. Kuna vibao na vipeperushi vinavyoanza hadithi siku jahazi la Washirazi lilipotia nanga, kana kwamba kabla yake kisiwa kilikuwa na ndege tu. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta watu waliishi hapa tangu karibu karne ya 9, kwenye nyumba za udongo na makuti, wakifua chuma na kutengeneza shanga za kombe.

Basi nawasimulia kama wazee wetu wanavyosimulia. Kisiwa kilikuwa na mwenyewe, Mrimba. Mgeni kutoka Shirazi, Uajemi, akataka kukinunua, Mrimba akasema lete nguo za kukizunguka. Zikatandazwa, kisiwa kikauzwa. Mrimba akavuka bara, baadaye akajuta, akarudi na watu wake maji yakiwa yamekupwa ili apite kwa miguu, akakuta mkondo haukauki tena. Wengine husema ulichimbwa, wengine husema kilisomwa kisomo. Watalii wanaipenda sana sehemu ya nguo. Mimi naipenda ile inayorukwa: yule mgeni alimuoa binti Mrimba, na mtoto wao akaja kutawala. Sasa huyo mtoto ni wa wapi?

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, yetu yakiwemo. Ulionyesha damu zilianza kuchanganyika karibu mwaka 1000, upande wa akina mama ukiwa zaidi wa Kiafrika na wa akina baba zaidi wa Uajemi. Nilipomwambia bibi alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Wamefukua mifupa yote hiyo! Si wangekuja kuuliza tu?"

Saa 6
Jua la utosi, nusu saa ya mguu hadi Husuni Kubwa. Hapa kuna kasri juu ya ukingo wa bahari, vyumba zaidi ya mia, na bwawa la pembe nane. Lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule ambaye msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alimkuta hapa mwaka 1331. Ibn Battuta anasimulia fakiri mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa, sultani akazivua akampa. Waongozaji wengi wanaishia hapo, wageni wanatabasamu. Mimi naendelea: mwana wa sultani akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani mwenyewe akamwongeza fakiri wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Dhahabu ya Sofala, kusini huko Msumbiji, ilijenga hapa, ndiyo, lakini watu pia waliuzwa, na karne ya 18 waliuzwa kwa Wafaransa wa Mauritius na Réunion. Yule mama Mjerumani amekaa kwenye ukingo wa bwawa, haulizi kitu.

Naichangamsha safari kwa sarafu: mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa kisiwani kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Kila mmoja ana lake, na mzozo unatufikisha kijijini.

Saa 8
Chakula kwa mama mkubwa: wali wa nazi, pweza wa mchuzi, pilipili pembeni. Akina mama wametandaza mikeka ya ukindu ya kuuza. Siku hizi inasukwa mifupi, iingie kwenye sanduku la mgeni. Mkeka wa kulalia watu wawili hausukwi ila kwa oda ya harusi, na wasichana wadogo wameanza kujifunza ule mfupi kwanza. Sijui nichukie au nishukuru, maana ada yangu ya chuo ililipwa na mifupi.

Saa 9 na nusu
Makaburi ya Masheikh Arobaini. Hapa si magofu. Watu bado wanakuja kuzuru, wanachoma ubani, wanaomba. Nawagawia wageni kanga, viatu vinabaki nje, na nikikuta mtu kwenye dua tunageuza. Leo hatukumkuta mtu, tumesimama kando.

Kampuni moja ya utalii iliwahi kutaka tucheze ngoma papa hapa, abiria wa meli kubwa wapate picha. Fedha ilikuwa nzuri. Wazee walikaa chini ya mwembe mchana kutwa, na vijana tuligawanyika, tusidanganyane. Jibu likawa ngoma tunazo, tutacheza uwanjani, makaburini hapana. Hawakurudi. Wengine wakaja, uwanja ukawatosha.

Saa 11 jioni
Nawavusha. Hesabu tunaifanya ndani ya mashua: fungu la nahodha, la mama mkubwa, langu, na la kijiji. Mwenzangu mmoja anadai hili la kijiji liondolewe kwa kuwa serikali imeshalipwa kwa kibali. Namjibu kibali hakichimbi kisima. Tutaendelea wiki ijayo, tunavyoendelea kila wiki.

Saa 2 usiku
Yule kijana wa Dar ametuma ujumbe: binti Mrimba aliitwa nani? Nimemuuliza bibi, akataja jina papo hapo. Babu wa nyumba ya pili akasikia, akaja na kigoda chake kusema si hilo, bibi anamchanganya na mtu mwingine kabisa. Bibi akamuuliza ukoo wa mama yake babu ulihamia kisiwani lini. Hapo nikajua usiku ni mrefu. Nimemwandikia kijana asubiri hadi kesho.