Nilivyopanga mzigo wa Idi kwa daftari la Kariakoo

Kozi ya biashara ya mitindo na maduka ya rejareja niliisoma hapahapa Dar, na kilichonitesa si ada wala Kiingereza cha vitabu. Ni kalenda. Vitabu vyenyewe vya Marekani na Uingereza: makoti yanaingia dukani Agosti, nguo nyepesi zinaingia Februari theluji ikiwa bado nje, msimu ukiisha bei inashushwa. Mimi nakaa Buguruni. Sweta langu hutoka kabatini nikisafiri kwenda Iringa.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa mpango wa manunuzi wa miezi sita. Hesabu yake nyepesi: chukua mauzo unayotarajia, jumlisha punguzo la bei utakalotoa na mzigo unaotaka ubaki mwisho wa mwezi, kisha toa mzigo ulioanza nao. Jibu ndilo la kununulia. Shughuli iko kwenye mauzo unayotarajia, maana lazima uyatoe mahali. Wenzangu wengi walibuni duka la kwenye jengo kubwa la biashara, wakajaza namba za kichwani. Mimi nikaenda kwa shangazi, mwenye fremu Kariakoo. Anauza vitenge, kanga na nguo za watoto.

"Shikamoo shangazi. Naomba kuangalia daftari la mauzo, la mwaka jana na la mwaka huu."

"Marahaba. La nini? TRA wamekutuma?"

Alicheka, lakini daftari hakutoa. Nikamwambia shilingi sizitaki, nataka idadi tu: doti ngapi, magauni mangapi, wiki gani. Hapo akalegea. Anayetaka kufanya utafiti Kariakoo aanzie hapo. Ukiuliza mapato, hata anayekupenda atakwambia biashara ngumu.

Lilikuwa kauntabuku limefungwa kwa rababendi, madeni kwa wino mwekundu, na pembeni ya siku zilizolala ameandika "mvua". Nikakaa nalo nyuma ya meza, nikahamisha idadi wiki kwa wiki. Aprili 2025 ilionekana imekufa kabisa ukiilinganisha na Aprili 2024. Kwa fomula ya darasani ningeandika biashara inaporomoka. Kumbe Idi el-Fitri ya 2024 ilikuwa Aprili 10, na ya 2025 Machi 31. Mauzo yaleyale yamehamia Machi, basi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo msimu wetu mkubwa unatembea. Wamarekani wana kalenda ya rejareja ya 4-5-4, wanakata miezi kwa wiki nne, tano, nne, ili mwezi wa mwaka huu uwe na wikiendi sawa na ule wa mwaka jana. Inawafaa, Krismasi haihami.

Nikaacha majina ya miezi. Safu zangu zikawa "wiki ya sita kabla ya Idi", "wiki ya tano", hadi sikukuu yenyewe. Na hapo daftari likaanza kusema. Vitenge vinatoka mapema, kwa sababu mafundi wakishajaza oda hawapokei tena kitambaa cha mtu. Nguo za watoto zilizoshonwa tayari zinasubiri hadi siku za mwisho, mshahara ukishaingia au baba akishabanwa vya kutosha. Kanga hazina haraka hiyo. Zinakwenda na shughuli za watu, na kinachoziuza ni jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Rangi moja, mji (sehemu ya katikati) mmoja, jina tofauti: moja linaisha, jingine linalala rafuni. Kwa hiyo kanga nilizihesabu kwa jina.

Kisha tarehe ya kuagiza. Nguo za watoto shangazi anazipata kwa mtu anayeleta mzigo kutoka Guangzhou. Idi ya 2026 ilitarajiwa kuangukia karibu na Machi 20, na Mwaka Mpya wa Kichina Februari 17. Viwanda vya kule hufungwa kwa sikukuu hiyo, wafanyakazi wakarudi makwao. Weka na mwezi na ushee wa meli na bandari, utaona anayesubiri Januari iishe ndipo aagize amechelewa. Huo ndio ukurasa aliousoma shangazi mpaka mwisho. Oda yake aliituma mapema Desemba.

Tulibishana kwenye faida. Yeye doti aliyoinunua 10,000 akiiuza 15,000 anasema faida nusu, na ni kweli, nusu ya mtaji. Kitabu kinapima kwa bei ya kuuzia, inakuwa theluthi. Inaonekana ni maneno tu mpaka utangaze punguzo la asilimia 40: 15,000 inakuwa 9,000, na umekula mtaji wako elfu moja. Alinisikiliza, akaniambia yeye punguzo hatangazi, mteja anapatana palepale, kila siku.

Na ni kweli, kwenye daftari hapakuwa na bei ya kuanzia hata moja, zote ni za baada ya kupatana. Mkufunzi alitaka safu ya punguzo ijazwe hata hivyo. Niliweka sifuri kila wiki, nikaeleza sababu chini ya jedwali, nikakabidhi.