Maua ya Boga Asubuhi

Leo nimeamka mapema kuliko jua la Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kuchuma maua ya saladi. Ua la boga halimngoji mtu. Linafunguka alfajiri, na ikifika saa nne limeshajikunja.

Mwezi uliopita niliyachuma karibu yote, nikajaza sahani, nikafurahi. Bibi alinyamaza kutwa nzima. Jioni akanishika mkono. "Ndoo uone." Akainua kwa kidole ua moja lililokuwa limebaki: chini yake kijiboga cha kijani, hakizidi bamia. "Huyu ndiye mama. Ukimchuma, umelila boga lenyewe." La kiume limesimama juu ya kikonyo chembamba, halina kitu chini. Hilo ndilo la kuchuma, na hata hilo uyabakishe mengine, nyuki wapate chavua ya kupeleka kwa mama. Iliniuma sana. Mmea ule ameumwagilia yeye, kata kwa kata, na maji hapa Lamu hayamwagwi ovyo.

Basi leo ni matano tu, yote ya kiume. Nimeyakung'uta sisimizi, nikatoa kile kijiti cha katikati chenye unga wa manjano. Majani ya saladi nilinunua jana sokoni, pale karibu na Ngome. Yanavushwa kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, na hufika yamenyong'onyea, lakini ukiyaloweka kwenye maji baridi yanasimama tena. Nikatia tango, kotmiri, na vile viua vyeupe vya mrihani nilivyovipukuchua kwa kidole. Halafu waridi la kwenye mtungi wetu. Kila petali nikaikata ile ncha nyeupe ya chini, kwa sababu ni chungu. (Waridi la dukani siliweki mdomoni, huwezi kujua limepuliziwa dawa gani.) Ndimu na chumvi nilichanganya kwenye majani kwanza, maua nikayaweka juu mwisho kabisa. Yakiguswa na ndimu yanalegea papo hapo.

Nilinyoosha mkono kwenye asumini, Bibi akauzuia. "Asumini ni ya kikuba," kile kishada cha maua ya kunukia cha kujipamba. Sikubishana naye. Sisi watu wa pwani maua tumeyajua kwa pua: kwenye nywele, kwenye kitanda cha bibi harusi. Nilikuwa naogopa kuyala ni kuyavunjia heshima. Lakini biriani tunaitia marashi mawaridi, na hakuna aliyewahi kuona vibaya. Waridi limeshaingia kwenye sufuria zetu zamani, ila limeingia likiwa maji.

Bibi alikula ua la boga moja, polepole, akaomba ndimu zaidi. Waridi alilitenga ukingoni mwa sahani. Alipomaliza akalichukua, akalinusa, akalitia kwenye pindo la leso yake.

Kwenye mmea kuna vijiboga vitatu sasa. Kimoja kimeshashinda ngumi yangu.