Usishukie bandari ya tatu

Ukifunga kitabu cha sita cha Earthsea, vitu viwili hukataa kutoka kichwani: gudulia la kijani lililovunjika likaungwa, na ukuta wa mawe uliobomolewa. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, alianza mfululizo huu wa riwaya za visiwa, waganga na majoka mwaka 1968 na akaufunga mwaka 2001. Kwa rai yangu, kazi yote ya miaka 33 ilikuwa inaelekea kwenye vitu hivyo viwili. Aliyeishia kitabu cha tatu hakukiona hata kimoja. Na wengi huishia cha tatu.

Sababu yake haijifichi. Vitabu vitatu vya mwanzo ni A Wizard of Earthsea (1968), The Tombs of Atuan (1971) na The Farthest Shore (1972). Vilikaa peke yao kwa miaka 18, vikajalidiwa pamoja, na watu wakazoea kwamba hadithi ni hiyo tu. Tehanu kilikuja mwaka 1990. Tales from Earthsea na The Other Wind vikatoka vyote mwaka 2001. Kwa hivyo ile nakala kuukuu yenye vitatu ndani ya jalada moja ni nusu ya safari. Anayetaka vyote kwa pamoja lipo toleo la mwaka 2018 lenye michoro ya Charles Vess, karibu kurasa 1,000, na ndani yake zimo pia hadithi fupi mbili za mwaka 1964 zilizotangulia kitabu cha kwanza, na ile ya mwisho, Firelight, iliyotoka baada ya mwandishi kufariki Januari 2018. Ni kitabu kizito, hakifai kusomewa ndani ya boti ya Pemba. Tena kwa hali ya hewa yetu, jalada gumu likibanwa kabatini masika nzima bila kufunguliwa hushika ukungu kwenye uti. Lifunguefungue na ulipepee.

Soma kwa mpangilio wa kuchapishwa, cha 1 hadi cha 6. Wapo wanaoshauri kuanza na The Finder, hadithi iliyomo kwenye kitabu cha tano, kwa kuwa mambo yake yalitokea karne tatu hivi kabla ya kuzaliwa Ged, mganga ambaye ndiye mhusika mkuu. Huo ni ushauri mbaya. The Finder inajibu swali ambalo bado hujaulizwa: kwa nini skuli ya waganga ya kisiwa cha Roke haina mwanamke hata mmoja? Katika kitabu cha kwanza jambo hilo linapita kama la kawaida, hata msemo wa Gont, kisiwa alikozaliwa Ged, unaodharau uganga wa wanawake unapita. Ukifika cha tano unaambiwa kwamba wanawake walikuwa miongoni mwa waliouanzisha uganga wa Roke, kisha wakafungiwa mlango. Jibu hilo huuma kwa sababu wewe mwenyewe ulishazoea. Ukilijua mapema, haliumi.

Kuanzia hapa nitasema yanayotokea mpaka mwisho. Ambaye hajasoma na hataki kujua, na asimame.

Neno moja kwanza. Nawaita waganga, siwaiti wachawi. Mchawi kwetu ni mwenye kudhuru, na kitabu cha kwanza chote kimesimama juu ya tofauti hiyo: kijana mwenye kipaji anataka kumwonyesha mwenzake kwamba anaweza kumwita maiti, na kwa kiburi hicho anafungulia kivuli kinachomwinda. Usiku ule alikuwa mchawi. Sura zilizobaki anajifunza kuwa mganga.

Earthsea haina bara. Ni visiwa tu na bahari, na msomaji wa Unguja au Pemba anaingia humo na mzigo mwepesi kuliko wenziwe. Ged ni mtu wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi zaidi, na weupe ni Wakargad, wavamizi kutoka visiwa vya mashariki. Majalada mengi ya zamani yalimchora mweupe, na mfululizo wa televisheni wa mwaka 2004 ukafanya vivyo hivyo. Mwandishi alilalamika hadharani. Ukikuta jalada lenye kijana mweupe, amini maandishi na uiache picha.

Linalowachanganya wengi ni majina. Kila mtu ana jina la kuitwa na jina la kweli, na la kweli halitajwi ila kwa unayemwamini, kwani mwenye kulijua ameshika roho yako. Ged alizaliwa akaitwa Duny, watu wakamwita Sparrowhawk, na jina la Ged amepewa na mwalimu wake, mganga Ogion, alipokuwa na miaka 13. Msimulizi husema Ged, wahusika husema Sparrowhawk. Chukua kikaratasi ukifanye alamisho, ukigawe safu mbili, uandike: Sparrowhawk ni Ged, Vetch ni Estarriol, Arren ni Lebannen, Goha ni Tenar, Therru ni Tehanu. Bila hivyo utalipita tukio kubwa kuliko majoka yote ya kitabu cha kwanza: Ged amerudi kutoka kitandani na makovu usoni, hajiamini, na Vetch, bila kuombwa, anamwambia jina lake la kweli. Kwetu hili halihitaji ufafanuzi mrefu. Mpiga bao akianza kazi hukuuliza jina lako na jina la mama yako.

Halafu kuna jina la bahari. Mwalimu wa Majina anafundisha kwamba kwa Lugha ya Kale, lugha ya majina ya kweli, bahari ni inien na nyoya ni suk, na kutokana na hayo lugha ya kila siku ikaliita povu sukien: nyoya la bahari. Lakini mganga anayetaka kuituliza bahari hawezi kusema inien tu. Itambidi ataje kila ghuba, kila mlango, kila mkondo, mpaka mahali ambapo majina yanakwisha. Ndiyo maana uwezo wake una mpaka. Anakitawala kilicho karibu, kile anachoweza kukitaja barabara. Nahodha wa Wete hahitaji mkalimani hapo. Akiwa kazini neno "bahari" halimfai kitu. Kwake kuna Fundo, Njao, Uvinje, na katikati yake kila fungu na kila mwamba una jina lake, na asiyeyajua hupanda mwamba.

Chombo cha Ged nacho kiangalie vizuri. Mzee aliyekitoa, ambaye Ged alimtibu macho, alimtaka akiite Lookfar na akichore macho pande mbili za omo. Mitepe ilikuwa na macho hayo. Na upepo: Ged kijana huita upepo ukaingia tangani apendapo, lakini katika kitabu cha tatu, akiwa ndiye Mkuu wa waganga wote, husafiri zaidi kwa upepo wa dunia, akibisha na kungoja kama mvuvi yeyote. Upepo ulioitwa huku umepungua kwengine, na mvua ya kisiwa kimoja ni ukame wa chengine. Watu waliopanga safari kwa kaskazi na kusi tangu enzi watauona ukubwa wa mganga katika kungoja huko. Soma na penseli juu ya ramani. Chora njia ya kitabu cha kwanza: Gont, Roke, Low Torning, Pendor, Osskil, Gont tena, kisha mashariki mpaka Iffish na kupita Astowell, kisiwa cha mwisho. Mstari utakuonyesha ni wapi alikuwa anakimbia na ni wapi aligeuka akaanza kufukuza.

Cha pili huwekwa chini na wengi kabla ya nusu. Kina sura 12, na Ged haonekani mpaka ya tano. Kabla ya hapo tuko na Tenar, mtoto aliyechukuliwa kwao na kufanywa kuhani wa makaburi, katika vyumba vya chini ambamo taa ni marufuku, akijifunza njia kwa kupapasa ukuta na kuhesabu milango. Usiruke. Mwanga unapotokea katika sura ya tano unashtua kwa sababu umekaa gizani sura nne pamoja naye.

Sasa bandari ya tatu, The Farthest Shore. Uganga unavuja duniani, na dalili yake moja ni mafundi kusahau kazi: kule Lorbanery wapaka rangi wa hariri wamepoteza rangi zao. Ged na Arren, mwanamfalme anayefuatana naye, wanakwenda mpaka Nchi Kavu, walikokaa wafu. Hakuna maji, nyota hazisogei, kuna ukuta mdogo wa mawe, na waliopendana wanapishana njiani bila kutazamana. Ged anaufunga mlango uliofunguliwa na Cob, mganga aliyetaka asife, na uganga wake wote unamalizikia hapo. Arren anakuwa mfalme. Msomaji anafunga kitabu akidhani yamekwisha, naye amewaacha wafu palepale, wakipishana kwenye vumbi. Hilo ndilo lisilokubalika, na ilimchukua Le Guin miaka 29 kulirudia.

Kabla ya kuanza Tehanu, rudia kurasa tatu za mwisho za The Farthest Shore. Miaka 18 ilipita kwa wasomaji, lakini katika hadithi ni siku chache tu: Ged anateremka Gont juu ya mgongo wa joka Kalessin, mgonjwa, mtupu. Lawama dhidi ya kitabu hiki ni ileile siku zote, kwamba hakina uganga, ni mbuzi na kufua na kupika. Ni kweli, na ndilo jambo lenyewe. Tenar ni mjane anayelea Therru, mtoto aliyetiwa motoni na watu wake mwenyewe. Mwanawe wa kuzaa, Spark, anarudi kutoka baharini na kukataa kuosha vyombo kwa kuwa ni kazi ya wanawake, na aliyekuwa Mkuu wa Roke anaviosha. Anayetaka kujua uwezo ni kitu gani mtu akishanyang'anywa, jibu lake limo jikoni humo. Nakiona ndicho kigumu kuliko vyote sita, na ndicho nitakachomsisitizia mtu asikiharakishe. Tahadhari moja: ukatili aliofanyiwa mtoto umesemwa waziwazi, kwa hivyo aliyesoma cha kwanza akiwa na miaka 12 asikabidhiwe hiki wiki inayofuata.

Cha tano ni hadithi tano na maelezo ya visiwa. Ukiwa na haraka soma The Finder na Dragonfly. Ukiiruka Dragonfly, Irian atatokea kwenye kitabu cha sita kama mgeni asiye na kwao, na hutaelewa kwa nini mwanamke anaweza kugeuka joka.

The Other Wind ina sura tano tu, ndefu. Mganga wake, Alder, hana sifa yoyote ya vita; ni fundi wa kuunga vyungu. Kila usiku anaota yuko kwenye ukuta wa mawe, na mkewe aliyekufa, Lily, anamwita kutoka ng'ambo. Anafika kwa Ged na kumkuta juu ya ngazi akichuma matunda. Ged hana dawa ya kumpa, ila anagundua kwamba mguso wa mnyama unazuia ndoto, basi Alder anapewa mtoto wa paka wa kulala naye. Kabla ya kuondoka anaunga gudulia la kijani, lile alipendalo Tenar, kwa kupitisha vidole kwenye mipasuko mpaka vipande vinashikana.

Kisha siri inatoka. Nchi Kavu haikuwa hatima ya wanadamu. Zamani watu na majoka walikuwa jamii moja, wakagawana: majoka wakachukua uhuru na Lugha ya Kale, watu wakachukua kumiliki vitu. Waganga wakavunja ahadi. Waliirudia lugha, wakaichukua sehemu ya magharibi ya majoka wakaizungushia ukuta, wakidhani kwa majina yao ya kweli wataishi milele humo. Wakapata vumbi. Wakargad, wasiotumia majina hayo, hawakuwahi kukanyaga huko. Miaka yote walidharauliwa kuwa washenzi.

Na hapa Kiswahili kinampa msomaji kitu ambacho jina la Kiingereza haliwezi. Upepo mmoja, pepo nyingi. Pepo ni roho inayompanda mtu, na Peponi ndiko tunakowaombea waliotutangulia. Kitabu kinaitwa Upepo Mwengine, majoka yanaruka juu ya upepo huo kupita magharibi ya mwisho, na wafu walionyimwa hewa wanauhitaji huohuo. Mwandishi hakuwa na neno moja la kuyabeba yote matatu, akalazimika kutumia vitabu sita.

Ukuta wanaubomoa kwa mikono, jiwe kwa jiwe. Alder yumo, na Tehanu aliyeungua, na mfalme, na mfungo wa zamani unaachia kama ufa wa gudulia uliokwenda kinyume. Wafu wanavuka na kutoweka kwenye mwanga. Alder anamfuata Lily wake. Ged hayupo. Amebaki Gont na mbuzi wake na bustani, akimngoja Tenar arudi amsimulie.