Mama anauliza ataruhusiwa lini

Kila Ijumaa mama yangu ananipigia simu na kuuliza swali lile lile: "Mdogo wako ataruhusiwa lini?" Kwake hospitali ni wodi. Unalazwa, unatundikiwa dripu, na asubuhi moja dokta anapita anasema umeruhusiwa, ndugu wanakusanya vyombo na mkeka, wanalipa bili, mnarudi nyumbani. Kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa walioathirika na heroini ili waache, haina hata kitanda kimoja. Mdogo wangu anafika asubuhi, anataja namba yake dirishani, anakunywa dawa mfamasia akimtazama, kisha anasema neno lolote ili ijulikane amemeza. Anaondoka. Kesho tena. Jumapili, sikukuu ya Idi, hata siku tuliyomzika baba mkubwa, kwanza alipitia dirishani.

Alikula unga, yaani heroini, miaka tisa. Alianza kwa kuchanganya na bangi, mwisho akawa anajidunga. Mimi ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam, na mwaka wa saba wa unga wake aliuza kichwa cha cherehani yangu. Tangu siku ile akawa analala barazani, mlango nafunga kwa ndani.

Nilidhani kumwingiza kliniki ni kumshika mkono tu na kumpeleka. Tulipofika tukaulizwa, "Mmeletwa na asasi gani?" Hatukuwa na asasi. Ikabidi turudi, tutafute wale waelimishaji rika wanaozunguka maskani, wengi wao nao waliwahi kuwa mateja, wamwandikishe. Baada ya hapo kulikuwa na vikao vya maandalizi, na akikosa kimoja anaanza upya. Mtu yuko kwenye arosto, mwili unadai unga, kamasi zinamtoka, tumbo linamkata, unamwambia aketi kwenye benchi asikilize somo la homa ya ini! Niligombana na kijana wa asasi siku hiyo. Alivumilia, akaniambia, "Dada, akiweza kuja hapa mara nne, ataweza kuja kliniki kila siku." Nusu ya maneno yake nimekuja kuyakubali. Nusu nyingine bado, kwa sababu kuna waliokuwa kwenye benchi lile ambao hawakufika kikao cha nne.

Siku ya kupokelewa walimpima mkojo na damu, wakaangalia virusi vya UKIMWI na homa ya ini, wakamuuliza kuhusu kikohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Kipimo cha mkojo ni lazima, kwani methadoni haipewi mtu ambaye mwili wake haujazoea unga wala dawa za jamii yake, inaweza kumuua. Kisha afisa ustawi wa jamii akanigeukia mimi: "Usiku atalala wapi?" Sikuwa na jibu. Nikasema ndani, na usiku ule ule nikamfungulia mlango. Wakachukua namba tatu za simu: yangu, ya mume wangu na ya jirani.

Dozi ya kwanza ilikuwa miligramu 30. Jioni alikuwa anatetemeka. "Dada, hii dawa ni maji. Nipe elfu tano tu." Kesho yake nilimfuata sista nikiwa na hasira, naye akanifundisha jambo ambalo ningependa kila mwenye ndugu pale alijue. Methadoni hutoka mwilini polepole. Ya leo inaikuta ya jana haijaisha, ya kesho inaikuta ya leo, na huchukua kama siku tano kufika kiwango chake. Ndiyo maana wanapandisha kidogo kidogo, na ndiyo maana majuma mawili ya mwanzo yanatisha: mgonjwa anaona haimtoshi, anaongezea unga juu yake, usiku pumzi zinapungua hadi zinakatika. Majuma hayo mawili nililala sebuleni nikisikiliza anavyokoroma. Alifika 90, na hapo akatulia. Alianza kula. Akanitengenezea mlango wa choo.

Kisha akapata kibarua cha saidia fundi nje ya mji, akakaa siku sita bila dawa. Aliporudi hawakumpa 90. Walimrudisha 30. Aliona ameadhibiwa, na mimi pia niliona hivyo, mpaka nilipoelewa kwamba mwili uliokaa siku sita umeshasahau, na ile 90 iliyokuwa ikimtuliza ingeweza kumzimisha.

Kuhusu hilo sina ugomvi na kliniki. Ugomvi wangu ni wa mwezi wa nane. Foleni ilikuwa ndefu, dawa imechelewa, mdogo wangu na kijana mwingine wakasukumana na mlinzi. Walikosea, nasema wazi. Mlinzi ni baba wa watu naye. Wote wawili waliambiwa getini wasirudi. Hawakupunguziwa dozi taratibu, hawakupewa barua ya uhamisho. Zile namba tatu za simu hakuna aliyezipiga. Nilijua siku ya tatu, nilipomkuta amejikunja nyuma ya choo.

Yule mwenzake alirudi maskani. Alikutwa kwenye pagala, sindano bado iko mkononi. Nadhani alijidunga kipimo chake cha zamani. Mdogo wangu alikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Nilikwenda kliniki mara tano ndipo akarudishwa, kuanzia 30 kwa mara ya tatu. Tangu hapo sikubali neno kwamba fulani "amejifukuzisha". Mtu wa kifua kikuu akimtukana nesi, humnyimi vidonge ukamwachia akohoe mtaani. Kama amepigana, mpangie saa ya mwisho, aje na ndugu yake, au muhamishieni kliniki nyingine. Jiji hili lina zaidi ya moja: Muhimbili walianza Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Barua ya uhamisho ni karatasi moja.

Mama nimemweleza haya, hajaridhika. "Kwa hiyo amebadilisha unga kwa dawa." Siku moja nilichoka, nikamjibu, "Na wewe mama, kwenye vidonge vya presha utaruhusiwa lini?" Akakata simu. Nilipanda daladala jioni ile ile kwenda kumwomba radhi, maana si namna ya kumjibu mzazi. Lakini tulipokaa, yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Nikamwambia alivyotuambia dokta: asiharakishwe, apite mwaka, ikiwezekana miwili au zaidi, na kama mwenyewe anataka kuacha, anashushwa miligramu chache chache kwa miezi mingi, na anaweza kusema basi, nirudishieni. Wanaoacha ghafla wengi hurudi kwenye unga, na mwezi wa kwanza baada ya kuacha dawa ndio kifo kinapokuwa karibu zaidi. Mama akauliza mwezi huo nani atakuwa anamtazama. Ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza, na sikulijua jibu lake.

Mdogo wangu ameomba kuanza kushushwa. Sasa yuko 85. Jumatatu naenda naye. Nataka faili lake liandikwe kwamba siku atakayokosa dirishani, kwa ugomvi, kibarua au kwa kumaliza dawa, mtu apige simu. Namba ya jirani imebadilika. Nimeandika ya mama badala yake.