Ramani ya shamba la sungura la Thetford: nilipofikia

Mradi umefika mahali pa kuonyeshwa, kwa hiyo naandika kabla magugu hayajakua tena na kuficha kila kitu. Kwa anayeusoma mara ya kwanza: nachora ramani ya shamba la kale la sungura la Thetford, mpakani mwa Norfolk na Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Lilikuwa mali ya watawa wa monasteri ya Thetford, na leo sehemu kubwa ya eneo hilo imefunikwa na msitu wa misonobari ulioanza kupandwa 1922. Zana zangu ni programu ya kuchora ramani iitwayo QGIS, data ya laida, na viatu vya kutembelea msituni.

Laida ndiyo iliyofanya mradi uwezekane. Ndege hupita juu ikipiga miale ya leza chini. Mingi huishia kwenye majani, lakini mingine hupenya hadi ardhini, na ukiitenga hiyo peke yake unabaki na sura ya udongo mtupu, kana kwamba msitu haupo. Data ya Uingereza hutolewa bure na serikali. Kingo za udongo za shamba la kale, ambazo ukiwa msituni unazivuka bila kuhisi, kwenye skrini zinatokeza kama mishipa ya mkono.

Mwezi huu nimebadilisha mpangilio wa ramani nzima. Mwanzoni nilikuwa na tabaka za kawaida: kuta, mitaro, njia. Sasa kila kitu nakipanga kwa swali moja: kilijengwa kumzuia nani? Naona swali hili linaieleza sehemu hii kuliko orodha yoyote ya vipimo.

Tabaka la kwanza: baridi na maji

Sungura anayechimba mashimo asili yake ni Hispania na Ureno, nchi za jua na udongo mkavu. Warumi walifika naye Uingereza: kipande cha mfupa wake kimetambuliwa kwenye jumba lao la Fishbourne. Lakini ufugaji wenyewe ulishika mizizi baada ya Wanormani, wavamizi waliotoka Ufaransa, kuanzia karne ya 12. Na hapa msomaji wa Afrika Mashariki aweke kando yule sungura wa porini kwetu. Yule hachimbi. Hulala juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Huyu wa Ulaya huzaa watoto uchi, vipofu, ndani ya shimo. Shimo likijaa maji, kizazi kimekwisha.

Ndiyo maana sehemu nyingi za Uingereza zenye udongo mgumu au wenye majimaji, watu waliwajengea sungura nyumba: matuta marefu ya udongo, kimo chake mara nyingi hakifiki mita moja, yakizungukwa na mtaro wa kukausha maji. Wataalamu wa kale wa mambo ya kale waliyachimba baadhi yake wakidhani ni makaburi ya zama za shaba. Huko Bryn Cysegrfan, Wales, uchimbaji wa 1979 ulikuta njia zilizotengenezwa na watu ndani ya matuta, ili sungura wapate mahali pa kuanzia. Kuyapa umri matuta haya ni kazi ngumu, kwa sababu sungura wenyewe wamepindua udongo kwa karne nyingi na vitu vinavyopatikana ndani ni vichache. Mengi ni ya baada ya enzi za kati.

Thetford tabaka hili ni jembamba. Eneo la Breckland, ambamo Thetford imo, ni mchanga mkavu, mvua yake ni kidogo kwa viwango vya Uingereza, na sungura wangeweza kujichimbia wenyewe. Nimeliacha tabaka karibu tupu, na utupu huo ni taarifa kamili: ardhi iliyokuwa mbaya kwa ngano ilikuwa nzuri kwa sungura.

Tabaka la pili: wezi wa miguu minne

Mbweha, na wanyama wa jamii ya kicheche. Hapa sina cha kuchora Thetford, lakini nilitumia jioni nyingi kwenye data ya Dartmoor, kusini-magharibi, kwa kulinganisha tu. Huko, kwenye mashamba ya bonde la mto Plym kama Trowlesworthy na Legis Tor, bado ipo mitego ya mawe: vijikuta vifupi vinavyomwelekeza kicheche kidogo kidogo hadi kwenye tundu jembamba, na mle ndani mtego unamsubiri. Aliyeibuni alimjua mnyama huyo vizuri, kwamba hupenda kufuata ukuta. Jambo moja linanivutia: mtunza sungura huyo huyo alifuga fereti, ndugu wa kicheche, na kumwingiza shimoni ili sungura watoke mbio na kunaswa na nyavu zilizotegwa mdomoni.

Tabaka la tatu: watu

Hili ndilo limejaa, na ndilo lililonichukua muda.

Nyumba ya mtunza sungura wa Thetford bado imesimama, bila paa. Ilijengwa karibu na mwaka 1400, inaelekea na mkuu wa monasteri. Ni ghorofa mbili, kuta nene za gumegume, madirisha membamba. Mtunzaji aliishi juu, na chini palihifadhiwa ngozi, nyavu na mitego. Ukiwa mbele yake huoni nyumba ya mfugaji. Unaona ngome ndogo. Hakuna kicheche anayehitaji kuzuiwa na ukuta kama ule. Ulijengwa kwa ajili ya majangili wenye silaha, waliokuja usiku kwa makundi.

Kwa nini mtu ahatarishe maisha kwa sungura? Kwa sababu katika karne ya 13 sungura mmoja aliuzwa ghali kuliko kuku mara kadhaa. Na nyama haikuwa mali pekee. Kwenye kisiwa cha Lundy, tathmini ya 1274 ilikadiria sungura 2,000 kwa mwaka, na ngozi 100 zilipewa thamani ya shilingi 5 na peni 6; nyama haikuuzwa kabisa. Baada ya Tauni Kuu ya 1348 na 1349, wafanyakazi walikuwa adimu na ujira ukapanda. Kulima kukawa gharama, ilhali shamba la sungura lilihitaji watu wachache tu, na waliobaki hai walikuwa na pesa zaidi ya kununua nyama na manyoya. Breckland yenyewe iligawanyika hivi: Brandon kwa Askofu wa Ely, Lakenheath kwa watawa wa Ely, Mildenhall kwa abasia ya Bury St Edmunds, Thetford kwa watawa wake. Ramani ya sungura ni ramani ya Kanisa na mabwana wa ardhi.

Haki ya kuwinda wanyama wadogo ilitolewa kwa kibali cha mfalme. Sungura wa bwana wakitoka usiku wakala shayiri ya mkulima, mkulima alibaki na hasara. Akimnasa mmoja, aliitwa barazani kama mwizi. Katika maasi ya wakulima ya 1381, watu wa St Albans, mji uliotawaliwa na abasia yake, walimkamata sungura akiwa hai wakamfunga kwenye mkatale wa mji, pale palipowekwa wahalifu, kutangaza kwamba haki ya kuwinda sasa ni yao. Maasi yalizimwa mwaka ule ule. Mimi naamini hakuna chanzo kinachoieleza nyumba ya Thetford vizuri kuliko tukio hilo, ingawa miji hiyo iko mbalimbali.

Ukingo wa mpaka nimeuweka kwenye tabaka hili pia, na najua kuna watakaonibishia. Sungura huweza kuchimba chini ya tuta la udongo, hata likipandwa vichaka vya miiba juu yake. Lilipunguza kutoroka, sawa, lakini lilimwambia kila mpita njia: hapa panaanza mali ya mtu.

Kilichobaki

Naongeza tabaka la mchanga. Mwaka 1668 ilisimuliwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, jinsi mchanga uliopeperushwa kutoka Lakenheath ulivyofunika sehemu ya kijiji cha Santon Downham na kuziba mto. Ardhi iliyotafunwa na sungura na kondoo, ikakosa mizizi ya kuishika, ilianza kutembea. Nataka kuona ni kingo zipi zilizikwa na zipi zilibaki juu.

Kwanza nitamaliza upande wa kusini, ambako mitaro ya wapanda misonobari inakata ukingo wa kale na laida inachanganya viwili hivyo. Pale inabidi kwenda na kupima kwa mkono, majani yakishaanguka.