Punje za simsim ndizo zilizonifundisha biashara ya lori

Walioniambia "Mama, nunua lori tu, mzigo utakuja wenyewe" walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulipia dizeli ya lori linalotembea tupu. Naandika kwa sababu bado nasikia vijana wa hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, wakiambiwa maneno yale yale, wanauza shamba, wananunua Fuso, na baada ya mwaka Fuso limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba.

Mimi nilikuwa na duka la jumla: sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia. Kwa miaka tisa nililipa watu wanibebee bidhaa kutoka Kampala, na kila nilipofunga hesabu ya mwezi nauli ya mzigo ilikuwa imekula kuliko kodi ya duka. Mwaka 2018 nikakata shauri. Akiba yangu, mkopo wa chama chetu cha akiba, na Fuso kuukuu la shilingi za Uganda milioni sitini na kitu. Milioni nyingine kama nane zikaingia kwenye springi, injini na matairi kabla halijavuka hata daraja la Pakwach. Mambo ya TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, bima na logi buku (hati ya umiliki wa gari) kila mtu anayajua, siyasimulii.

Kosa langu lilikuwa hesabu ya upande mmoja. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, kupitia Nebbi, Pakwach, Karuma na Luwero. Mzigo mwingi unapanda, yaani unatoka Kampala kuja Arua: sukari, magodoro, mabati, simenti. Unaoteremka kwenda Kampala ni mchache, tena hauna mahali pamoja pa kuungojea. Si barabara yetu tu. Hata malori ya Mombasa huingia Uganda kwa mipaka ya Malaba na Busia yakiwa yamejaa, na mengi hurudi bandarini na kontena tupu, kwa sababu Uganda inaagiza kuliko inavyouza nje. Kwa hiyo nauli ya safari moja inabidi ilishe safari mbili. Mimi niliihesabu kana kwamba lori linaota Kampala likiwa tayari limepakiwa.

Mwaka mzima dereva wangu, mtu mzima kunizidi, alikuwa akirudi na kuniambia, "Mama, kuteremka tumeteremka tupu, hali ni ngumu." Nami nikamwamini. Lori lilikuwa likipata mzigo wa kupanda kutoka kituo cha Arua Park kule Kampala, madalali wanakata chao, nalipa dizeli ya kwenda na kurudi, nalipa posho ya dereva na ya tanboi, msaidizi wake, na kinachobaki hakifiki hata rejesho la mkopo. Nilianza kuchukua pesa ya duka kulisha lori.

Siku moja tulishusha sukari, na gunia moja likapasuka pembeni. Sikutaka sukari ile ipotee, nikapanda mwenyewe ndani ya bodi na ufagio. Bodi la Fuso lile lilikuwa la mbao, na kati ya mbao na mbao kuna nafasi ya upana wa kidole. Nikaanza kuichokoa sukari kwa kijiti. Iliyotoka haikuwa sukari peke yake. Zilitoka punje ndogo bapa, nyeupe zilizofifia, zenye ncha upande mmoja. Simsim, wengine huita ufuta. Nikachokoa ufa wa pili, simsim. Wa tatu, simsim na magamba ya samaki yaliyokauka. Nilikaa chini palepale juu ya mbao. Hakuna mtu anayepandisha simsim kutoka Kampala kuja Arua. Simsim inalimwa huku kwetu, inateremka. Na lori langu "lilikuwa likiteremka tupu".

Nikazikusanya kwenye sahani, zikafika kama kijiko kimoja cha mezani. Jioni dereva alipokuja kuchukua posho nikaiweka sahani mbele yake.

"Mzee, hii imetoka wapi?"

Aliitazama muda mrefu. "Nebbi, Mama."

"Magunia mangapi?"

"Safari iliyopita yalikuwa sitini."

Kaka yangu alitaka apelekwe polisi usiku uleule. Wakwe zangu walisema nimfukuze na nitafute kijana wa ukoo. Ushauri wote ule ulinichosha, kwa sababu hakuna aliyeona nilichokiona mimi. Mwaka mzima nilikuwa nikiambiwa mzigo wa kuteremka haupo, na sasa ushahidi kwamba upo ulikuwa kwenye sahani yangu. Mtu aliyejua ulipo, nani anao na analipa kiasi gani, alikuwa amekaa mbele yangu ameinamisha kichwa. Nikimfukuza, anaondoka na ramani.

Nikamwambia, "Kesho kutwa unateremka, na mimi nakaa kiti cha kati. Kila mahali unaposimama, unisimamishe na mimi."

Safari ile ilichukua siku tatu badala ya moja, na sijawahi kujifunza mengi namna ile maishani. Nebbi tulisimama kwa mzee mmoja mwenye ghala la bati, ambaye hukusanya simsim na pamba kwa wakulima. Alikuwa na magunia yamepangwa hadi dari, anangoja lori lolote linalopita. Pakwach akina mama wa samaki wakavu walinizunguka wakidhani mimi ni mnunuzi. Mmoja wao aliniambia, "Dada, sisi lori tunalisubiri barabarani toka saa kumi alfajiri. Kama lako linapita siku inayojulikana, sisi hatuna haja ya kubishana bei." Nililiandika neno lile kwenye daftari: siku inayojulikana.

Nilichofanya baadaye ni hiki. Lori likawa linateremka kila Jumanne, liwe na mzigo au lisiwe nao. Miezi miwili ya kwanza iliuma, kuna Jumanne lilishuka na magunia kumi na mawili tu. Lakini akina mama wa Pakwach wakaanza kupanga samaki wao kwa Jumanne yangu, na mzee wa Nebbi akaacha kuita malori ya kupita njia. Dereva nilimpa moja ya tano ya nauli yote ya kuteremka, mkononi, mbele ya daftari, na akaweka sahihi. Mapato yake yalipungua kuliko alipokuwa akichukua yote, ila alilala usingizi, maneno yake mwenyewe. Mpaka leo ndiye dereva wangu mkuu, na ndiye aliyemfundisha dereva wa lori la pili. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari langu nililianza kwa kuchelewa sana.

Jambo la mizani ya barabarani usilidharau. Watu hudhani ukiwa chini ya tani zote zinazoruhusiwa umepona. Lori la ekseli mbili kama langu mwisho wake ni tani 18 pamoja na uzito wa lori lenyewe, lakini ekseli ya nyuma peke yake haitakiwi kupita tani 10. Tulikamatwa tukiwa na jumla nzuri kabisa, ila makuli walikuwa wamerundika simenti yote nyuma ili washushe haraka. Tulihamisha mifuko kwa mikono juani hadi alasiri. Sasa kizito kinakwenda mbele karibu na kabini, magodoro na vyepesi vinakaa nyuma, na tanboi hapokei posho kabla hajanitumia picha ya mpangilio.

Dizeli nayo. Januari 2022 madereva waligoma mpakani kwa sababu ya kulipishwa vipimo vya korona, foleni ya Malaba ikafika makumi ya kilomita, na mafuta yakaadimika nchi nzima. Sehemu nyingine petroli iliuzwa shilingi 10,000 kwa lita. Mimi nilikuwa nimekwisha kukubali bei ya miezi mitatu kubeba vyakula hadi makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, kwa niaba ya msafirishaji mmoja mkubwa kuliko mimi. Makubaliano yetu hayakuwa na neno hata moja juu ya dizeli. Nilibeba kwa hasara kwa sababu nilikuwa nimetoa ahadi, na yule msafirishaji akanilipa baada ya miezi mitano, baada ya kumpigia simu hadi sauti yangu akawa anaijua kabla sijasema jina. Nilikasirika na bado nimekasirika. Tangu hapo kila karatasi ninayotia sahihi ina bei ya lita moja ya siku ile, na mstari unaosema ikipanda nauli inapanda nayo. Wateja wawili walikataa. Wengine wote walikubali bila kelele.

Hesabu ileile ya lita ndiyo iliyoniokoa mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo na malori yakazungushwa njia ndefu. Niliwapigia wateja wangu mmoja mmoja kabla hawajasikia kwa wengine, nikawaonyesha kilomita zilizoongezeka na lita zake. Mzee wa Nebbi alilipa nyongeza ya miezi yote, na siku daraja lilipofunguliwa akanipigia yeye wa kwanza.

Kuna wanaonisukuma niende Juba, Sudan Kusini, eti pesa iko Juba. Nilikwenda mara moja, lori likakaa siku kumi na tisa ng'ambo ya mpaka wa Elegu, na nililipwa kwa pauni za kule ambazo thamani yake ilishuka kabla sijazibadilisha. Wanaoweza waende. Mimi nina malori mawili, mkopo umekwisha, na Jumanne yangu.

Leo asubuhi dereva amenipigia simu kutoka Nebbi. Magunia themanini ya simsim yako tayari, ila usiku mvua imenyesha na ya chini yameloa pembeni. Nimemwambia ayatenge yaliyoloa, ayahesabu mbele ya mwenye mzigo, na asiwashe gari kabla turubai la pili halijafungwa.