Kumbukumbu ya mradi wangu wa mazingaombwe: vifaa, nguo na rangi

Mikono imeshaijua kazi yake, kwa hiyo sasa nashughulika na kile watakachokiona watu. Sheria niliyojiwekea ni kwamba kitu hakipandi jukwaani kabla sijakitazama kutoka kiti cha nyuma kabisa, chini ya taa zilezile za onyesho. Uzuri wa dirishani mchana hauhesabiki.

Leso zimepangwa upya kwa sababu hiyo. Nafungua kwa taa ya buluu, na chini yake leso nyekundu huwa nyeusi tii: kitambaa chekundu hurudisha mwanga mwekundu, na kwenye buluu tupu mwanga huo haupo. Ya njano nayo hufifia. Basi nyeupe inatangulia, nyekundu inangoja taa ya manjano iwake, na hapo inawaka kweli. Zote ni za hariri nyembamba. Poliesta ni nafuu, lakini hariri hukunjika ikawa kidonge, kisha ikiachiwa hufumuka yenyewe. (Inakotoka siandiki hapa.)

Kamba ni ya pamba, nyeupe, nimeitoa uzi wa ndani ili ilegee. Tatizo ni kwamba mbele ya shati jeupe haionekani kabisa, na mchezo wote wa kamba hufanyika kifuani. Shati linabaki, ila juu yake kuna kizibao cha maruni, kisicho na mistari wala maua. Nakshi kifuani humchanganya mtazamaji wakati ambao namtaka atulie.

Koti limenichukua muda kuliko vyote. Pazia la nyuma ni la mahameli nyeusi, na vinyweleo vya mahameli humeza mwanga. Katika miaka ya 1880 Mjerumani Max Auzinger alijenga onyesho zima juu ya jambo hilo, vitu vikitokea na kupotea mbele ya weusi. Mimi sitaki kupotea. Nikivaa koti jeusi hapo, kinabaki kichwa na viganja vinavyoelea. Nimechagua kijivu cha wastani, bitana ya rangi ileile, ili koti likifunguka kidogo jicho lisivutwe ndani. Mifuko fundi ameshona kwa vipimo vyangu, bila kuuliza, jambo ninalomshukuru.

Watu wananiuliza mbona si koti lenye mkia na kofia ndefu. Mwanamazingaombwe Mfaransa Robert-Houdin alipofungua ukumbi wake Paris mwaka 1845 alivaa mavazi ya jioni kwa kuwa ndiyo waliyovaa wageni wake, huku wengine wakipanda na majoho ya kichawi. Anayeyavaa leo amerudi kwenye joho bila kujua. Kumwiga vizuri ni kuvaa kama waliokaa mbele yako, ila nadhifu kidogo zaidi.

Hilo limeamua na vifaa. Kasha lenye dhahabu na mazimwi nimeliondoa, maana likitokea tu watu wanaanza kulishuku. Mhusika wangu ni msafiri aliyechelewa, hivyo kila kitu ni cha safari: mwavuli, skafu, sanduku la ngozi lililochakaa pembeni. Cardini, mwanamazingaombwe wa zamani, alilijua hili vizuri: karata na sigara zilimjia mikononi kama bwana aliyelewa asiyeelewa zinakotoka, na hakuna aliyeshangaa kwa nini anazo.

Sanduku lina vibanio viwili vya shaba. Kila nilipoligeuza, mng'ao wao uliruka hadi viti vya nyuma, na macho yanaufuata mng'ao. Nimevikwaruza kwa msasa laini, nikapaka vanishi isiyong'aa. Sasa vinaonekana vya zamani, na kimya. Mlio nao nimeuua kwa tone la mafuta kwenye bawaba.

Viatu ni vyeusi, soli ya mpira. Basi.

Umebaki mwavuli wa mwisho. Wa rangi saba unapendeza ukiwa peke yake, ila baada ya leso zote zile unakuwa kelele. Naegemea mweupe mtupu, ukubwa wa juu, ufunguke taa zote zikiwa zimewaka. Jaribio linalofuata ni la mavazi kamili, kamera ikiwa kiti cha nyuma.